Kiyoyozi Chumbani kwa Mama

Nianze na jiwe, kwa sababu watu wa mikoa mingine wakisikia Mwanza wanawaza ziwa na upepo wake, halafu wanakuonea wivu bure. Nyumba ninayopanga iko juu kidogo ya Mirongo, ghorofa ya mwisho, na nyuma yake kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mwenye nyumba alijenga akiliegemea ili asipoteze kiwanja. Jua linalipiga jiwe hilo kutwa nzima, na wenzetu wa kule chini ufukweni wanapoanza kuvaa masweta, jiwe letu ndiyo kwanza linaanza kutoa joto lililomeza. Ukiweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, unakiondoa haraka. Juu yetu ni bati tupu na dari nyembamba. Miaka yote niliyoishi pale peke yangu nililala sebuleni, chini, feni ikinipuliza usoni, na sikuona sababu ya kumlalamikia mtu.

Halafu mama akaja kutoka Bukoba kwa ajili ya moyo.

Moyo wake ulikuwa umepanuka. Daktari alimpa dawa, akampangia siku ya kliniki ambapo angepimwa upya na kuamuliwa kama anaweza kufanyiwa upasuaji. Mpaka siku hiyo, alisema, asipande ngazi ovyo, apunguze chumvi, na zaidi ya yote asikae kwenye joto. Nilimwambia daktari ninapoishi. Akanitazama kwa huruma, akaandika dawa nyingine. Mimi ni mwalimu, shule yangu iko Buhongwa, na bahati nzuri ilikuwa likizo. Kwa hiyo kazi yangu ikawa moja tu, mama afike siku ya kliniki akiwa hai.

Mwenye nyumba alikataa katakata kutobolewa ukuta. "Mwalimu, ukuta wangu hautobolewi," alisema, utafikiri nimeomba kumtoboa yeye. Basi nikanunua kiyoyozi cha magurudumu, cha mtumba, kwa watu waliokuwa wanahama. Kwa asiyekijua, ni kama friji fupi. Kinavuta hewa ya chumba, kinaipoza, kisha joto lote kililonyang'anya kinalitupa nje kwa bomba nene lenye mikunjo linalotokea mgongoni. Bomba hilo lazima litoke dirishani. Usipolitoa, unakuwa umewasha jiko chumbani na kuliita kiyoyozi.

Dirisha la chumba kile ni la alumini, la kusukuma pembeni, nje lina nondo na nyavu. Siku ya kwanza nilisukuma kioo kidogo, nikachomeka bomba, nikaacha nafasi ilivyo. Jioni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi, wakaona taa. Waliingia kwa maelfu. Tuliwafagia kwenye shuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye masikio ya mama. Kesho yake nilimwita fundi, akanikatia plaiwudi ya kuziba ile nafasi, akatoboa duara la bomba. Pembeni nikashindilia sponji ya godoro, juu yake nikazungushia selotepu, tena na tena. Mimi nikiwa na hasira na kitu huwa sifanyi nusunusu. Nikaendelea na madirisha ya vyumba vyote, kila upenyo, kila kona ya nyavu iliyochanika. Nilipomaliza, hata unyoya usingepita, na nilijisifu kwa sauti.

Mama alikuwa kitandani, anaangalia lile bomba linavyotetemeka.

"Linatoa nini?"

"Joto, mama. Linatupa nje."

"Muda wote linatoa tu?"

"Muda wote."

Akafikiri kidogo. "Na chumba hakiishi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, maana alipenda kunichekesha.

Kwa siku za mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Mama alilala mchana, jambo ambalo joto lilikuwa limemnyima. Miguu yake ilipungua kuvimba, mpaka viatu vikamwenea. Mlango wa chumba ulifungwa muda wote ili baridi isitoroke, na mimi nilikuwa nagonga kama niko ofisini kwa mtu, naye ananijibu, "Pita, waitu," kwa heshima ya Kihaya ya kupita kiasi, ili tu anitanie.

Tatizo lilikuwa chakula. Mama hakula chakula cha gesi. Alisema ndizi za gesi zimeiva nje, ndani bado zinashangaa. Ndizi na maharage vilitakiwa vitokote taratibu juu ya mkaa, majani ya mgomba juu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kama hukufanya hivyo angekula vijiko viwili na kukushukuru kwa adabu, jambo linalouma kuliko kutukanwa. Na mgonjwa wa moyo asipokula, dawa zinamlewesha. Jiko la mkaa nilikuwa naliweka kwenye baraza ya mbele, lakini mpangaji wa chini alishtaki kwamba majivu yanaangukia nguo zake, na mwenye nyumba akapiga marufuku. Nikalihamishia mwisho wa korido, upande wa jiwe, chini ya kidirisha cha juu kisicho na kioo, chenye wavu tu. Hicho sikukiziba. Nilijua mkaa unahitaji pa kutolea moshi, sikuwa mjinga kiasi hicho.

Siku niliyomsikia mara ya kwanza nilikuwa sebuleni nasahihisha mitihani. Adhuhuri ya jua kali, nje kumetulia kabisa, hata kunguru wamenyamaza. Mama alikuwa anaongea Kihaya chumbani. Nikadhani anaongea na simu, nikaendelea na kazi yangu, mpaka nilipoiona simu yake mezani, mbele yangu, kwenye chaja.

Nikaenda mpaka mlangoni. Alikuwa anasema maneno mawili matatu, ananyamaza kiasi cha mtu kujibiwa, halafu anaendelea. Aliuliza habari za mgomba fulani ulioangushwa na upepo. Alinyamaza. Kisha akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichonisimamisha nywele, kwa sababu hakikuwa kicheko cha mama ninayemjua. Kilikuwa cha msichana.

Nikafungua bila kugonga. "Unaongea na nani, mama?"

"Na baba yako," akasema, kama ananielekeza chumvi ilipo. "Amesimama hapo ulipo. Namwambia akae, hataki."

Baba alikwishafariki. Tulimzika kwenye kibanja chake mwenyewe, hatua chache kutoka mlango wa nyumba, kati ya migomba. Mimi ni Mlutheri wa kwaya, sina muda na mambo ya mizimu, na wanafunzi wangu wanajua nilivyo mkali wakiniletea hadithi hizo. Lakini nilisogea pembeni. Nilisogea kabla sijafikiri, kama unavyompisha mtu mlangoni.

Kuanzia hapo nikawa naishi kwa masikio. Kila siku, chakula kikiwa jikoni na jua likiwa utosini, mazungumzo yanaanza. Jioni mama anakuwa mzima, amechoka tu, anauliza kama nimekula. Na nyumba nayo ikabadilika, au mimi nilianza kuiangalia. Ukiuacha mlango wa chumba chake wazi kidogo, unajifunga wenyewe, polepole, bila kugonga, na mwisho unatoa pumzi. Chini ya mlango kulikuwa na mluzi mwembamba, wa mtu anayepuliza bila kujua wimbo. Koridoni nilikuwa nimetundika pazia kugawanya upande wa jiko na upande wa vyumba. Pazia hilo likawa halisimami wima. Liliinama kuelekea kwa mama, limevimba katikati, kama vile kuna mtu yuko nyuma yake amesukuma kwa bega na hajaamua kupita. Nje hakuna upepo, hata jani halitikisiki. Nikawa nakohoa kabla ya kuingia koridoni mwangu mwenyewe, kwenye nyumba ninayolipia kodi. Niliona aibu, lakini niliendelea kukohoa.

Nilimpigia kaka yangu Bukoba. Ni mkubwa wangu, ndiye anayekaa na kile kibanja. Nilitaka anicheke, aniambie ni dawa. Hakucheka.

"Anaitwa," alisema.

"Ni dawa, kaka. Dawa za moyo zinafanya hivyo."

"Wewe ni msomi, sikatai. Lakini mzee akianza kuongea na waliotangulia, anarudishwa nyumbani. Unalijua hilo. Haachwi aondokee kwenye ghorofa ya kupanga."

"Kliniki imekaribia. Nipe mpaka kliniki."

"Baba hasubiri kliniki," akasema. Halafu akapunguza sauti. "Unataka tumvushe ziwa kwenye sanduku?"

Nilimkatia simu. Nikampigia tena, tukagombana upya. Kwetu hilo si neno la kutupwa hewani. Bibi yetu alirudishwa hivyo hivyo alipoanza kuita majina ya watu wasiokuwepo, akafia kwenye kitanda chake, na mpaka leo ndugu wanalitaja kama jambo lililofanyika vizuri. Kaka alisema atapanda basi kuja kumchukua. Nilijua akimpakia mama kwenye basi lile, safari ya kutwa nzima, joto na mashimo, moyo ule hautafika popote. Na nilijua pia kwamba siwezi kumzuia mtoto wa kiume wa kwanza asimrudishe mama yake nyumbani. Sijawahi kuchukia mila zetu kama nilivyozichukia siku hiyo, na sababu ya kuzichukia ni kwamba sehemu moja ya nafsi yangu ilizikubali.

Mama akazidi kudhoofika. Alilalamika kichwa, kikimbana kuzunguka paji la uso kama kilemba kilichokazwa. Akatapika. Midomo yake ikawa na rangi nzuri ya kushangaza, nyekundu, hata nikajidanganya kwamba damu inarudi. Asubuhi moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anakunja vitenge vyake, anavipanga kwenye begi, kile cha Jumapili juu.

"Amesema nijiandae," akaniambia. "Amesema leo atapita ndani."

Kaka alikuwa yuko njiani tayari. Nilimlaza mama, nikabandika maharage kama kawaida kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu, nikavuta kiti chumbani kwake. Niliamua kwamba kama kuna mtu anakuja, atanikuta.

Nilipotaka kufunga mlango, mama alikataa. "Mwachie wazi."

"Baridi itatoka, mama."

"Mwachie wazi, mwanangu. Atagongaje na mikono imeshika kofia?"

Baba alikuwa hivyo kweli. Akiingia nyumba yoyote, hata yake, alivua kofia na kuishika kwa mikono miwili. Nikaegesha kigoda mlangoni usijifunge. Kutoka pale nilipokaa niliona korido mpaka kwenye pazia, na pazia lilikuwa limeinama kuja kwetu.

Mashine ilivuma. Chumba kilikuwa na ubaridi mtamu, ule wa alfajiri ya kibanjani kabla umande haujakauka. Mama alifumba macho, akitabasamu. Kichwa changu kikaanza kugonga. Nilijiambia ni usingizi, sijalala vizuri, ni wasiwasi. Na humo humo nikasikia ndala zikiburuzwa koridoni.

Sisemi nilidhani nimesikia. Nilisikia. Baba alikuwa anaburuza mguu wa kushoto, na mguu uliosikika ulikuwa wa kushoto. Kisha akakohoa, kile kikohozi chake kifupi cha kusafisha koo kabla hajasema jambo. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, na niliogopa. Lakini sikujiandaa kwa furaha. Ilinipanda kutoka tumboni mpaka machoni, nikawa nalia na kutabasamu, mtu mzima mimi, nikisubiri pazia lifunguke. Nilitaka kusema shikamoo. Ulimi ulikuwa mzito. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa, na sikujali. Ningekaa pale. Kama angesema tuondoke, tungeondoka wote watatu.

Umeme ukakatika.

Mashine ilikohoa, ikanyamaza. Kimya kikaingia, na katika kimya hicho nikaliona pazia likirudi. Lilirudi nyuma taratibu, likapwaya, likaning'inia wima kama pazia lolote. Aliyekuwa analisukuma alikuwa ameacha kulisukuma mara tu mashine ilipozima.

Nililitazama, na mahali fulani ndani ya kile kichwa kilichovimba, mwalimu wa jiografia akaamka. Kila mwaka nachora ubaoni ziwa na nchi kavu, nachora mishale, nawapigia kelele watoto wa watu kwamba hewa haiendi inapopenda, inakwenda palipo na upungufu. Na hapa nilikuwa nimeweka mashine inayochota hewa ya chumba na kuitupa nje, muda wote, bila kuirudisha. Chumba kilikuwa na upungufu. Kilivuta hewa kutoka popote kilipoweza kuipata, na mimi, kwa mikono yangu na selotepu yangu, nilikuwa nimeziba kila mahali isipokuwa kidirisha kimoja. Kile cha koridoni. Hewa yote aliyokuwa anavuta mama iliingia pale, ikapita juu ya jiko la mkaa, ikapitia kwenye pazia na kuingia mlangoni kwake.

Niliposimama nilianguka. Nikatambaa. Mama nilimvuta kwa mashuka aliyolalia, na alipigana nami, yule mgonjwa ambaye asubuhi alishindwa kushika kikombe. "Niache," alilia, "yuko hapo, niache, yuko hapo!" Nilimburuza kupita pale baba alipokuwa amesimama, nikafungua mlango wa nje, tukaangukia kwenye ngazi. Mpangaji wa chini, yule yule wa majivu, ndiye aliyetubeba mpaka kwenye bajaji.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari aliuliza swali moja tu la maana: nyumbani mnapikia nini? Nilipomweleza, akavua miwani. Alisema hewa ya mkaa haina harufu, haina rangi, inamlevya mtu bila yeye kujua, inamfanya asikie na aone yasiyokuwepo. Kwa moyo kama wa mama, alisema, ajabu ni kwamba bado anapumua, na siku nyingine moja kama ile asingeamka. Alinishauri na mimi nikae nipumzike. Nikamwambia nina jambo la kumalizia nyumbani.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Umeme ulikuwa umerudi. Jiko nililikuta limekufa lenyewe, nikalitoa nje na majivu yake, nikafungua madirisha yote nyumba ipumue, kisha nikayafunga tena kama yalivyokuwa. Nikawasha mashine. Nikasimama mwisho wa korido, chini ya kidirisha, nikawasha udi mmoja na kuushika mbele yangu. Nilitegemea moshi upande juu kama moshi wa kawaida. Haukupanda. Ulilala, ukaondoka kwenye kidole changu, ukaenda. Ulipita kwenye pazia nalo likaupisha. Ulikwenda koridoni kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka, na ulipofika mlangoni kwa mama ukakata kona, ukaingia. Nilikuwa najua kila kitu wakati huo. Ningeweza kuufafanulia darasa zima. Na bado niliutupa ule udi, nikashuka ngazi mbio bila viatu.

Kaka alifika akiwa na blanketi zito la kumfunikia mama kwenye basi. Alilikunja mapajani, akakaa pembeni ya kitanda cha hospitali kama mtu aliyekosea msiba. Mama alimtazama kwa macho makavu, yenye akili zake zote, akamuuliza nani amebaki na ng'ombe. Kaka aliniangalia. Nikamweleza bomba, dirisha, mkaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo ningempandisha basi," na hakumalizia. Alibaki mjini mpaka siku ya kliniki, na tuliingia kwa daktari wote watatu, mama katikati yetu akitembea mwenyewe. Walisema upasuaji unawezekana, tungoje kupangiwa tarehe.

Nilirekebisha nyumba. Dirisha la sebuleni sasa linabaki wazi, wavu mpya, ili mashine ichukue hewa safi kutoka huko. Kidirisha cha koridoni nimekiziba. Tunapikia gesi, na mama anakula, anamaliza sahani, hasemi kitu. Hilo lilinipa faraja kwa muda. Nilichelewa kuona kwamba hasemi kitu kuhusu chochote. Hanitanii tena nikigonga. Mchana, chakula kikiwa tayari, anajifunga khanga yake nzuri, anakaa wima kitandani na kuutazama mlango.

Juzi nilimkuta hivyo. Nikakaa karibu naye.

"Ile mashine mliifanya nini?" aliuliza.

"Tuliitengeneza, mama. Ilikuwa inavuta hewa mbaya, hewa ya mkaa. Ilitaka kukuua."

"Daktari alinieleza." Aliinyoosha khanga kwenye magoti. "Mimi si mtoto. Nimeelewa. Mlipoitengeneza ndipo alipoacha kuja?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ni wewe uliyemtoa."

Nilikuwa na maelezo yote. Nilikuwa na mishale ya ubaoni na maneno ya daktari. Lakini nilikuwa nimesikia ule mguu wa kushoto, na sikuweza kumwambia mama yangu kwamba koridoni hapakuwa na mtu.

"Ni mimi," nikasema.

Alirudisha macho mlangoni. Kwetu mgeni hatoki nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Hata mpita njia aliyekuja kuuliza njia anapewa kahawa kidogo za kutafuna, zile tunazochemsha na majani na kuzikausha, ndipo anaagwa.

"Ulimpa hata kahawa?" mama akauliza.

"Sikumpa, mama."

Siku tuliyomzika baba, mama hakulia. Alikuwa anahudumia watu, anahesabu sahani, anauliza nani hajala, na wapo ndugu waliomsema kwa hilo. Alilia juzi, chumbani mwake, uso ameugeuzia ukutani, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, na mimi niliyemwokoa nikakaa pembeni ya kitanda.